Kutu, Mchanga na Mapafu ya Fundi

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kidogo: usipoondoa kutu, utanunua chuma kingine.

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu sitakuletea hadithi ya sungura na fisi, wala uchambuzi wa tamthilia. Hayo wenzangu wa Chama cha Kiswahili wanayaweza kuniliko. Nimeamua kueleza kazi moja ambayo wengi wetu tunaipita kila asubuhi tukija shuleni, na ambayo baadhi yetu tutaifanya baada ya Kidato cha Nne. Ni kazi ya kuondoa kutu na rangi kuukuu kwenye chuma. Nitaeleza hasa njia ya kupuliza mchanga kwa nguvu ya upepo, kwa sababu ndiyo yenye kasi kuliko nyingi, na ndiyo inayoweza kukuua polepole bila wewe kujua. Nifuate mpaka mwisho, maana jambo lenyewe si mchezo.

KUTU NI KITU GANI?

Mnalikumbuka jaribio la misumari la Kidato cha Kwanza? Misumari inatiwa katika neli tatu. Neli ya kwanza ina maji ya kawaida na hewa. Ya pili ina maji yaliyochemshwa, na juu yake mafuta ya kuzuia hewa isiingie. Ya tatu ni kavu, imetiwa dawa ya kunyonya unyevu. Siku kadhaa zikipita, ni msumari wa neli ya kwanza peke yake unaoshika kutu. Funzo lake ni kwamba kutu inahitaji vitu viwili pamoja: maji na oksijeni. Ukinyima chuma kimoja kati ya hivyo, kutu haiji.

Rangi basi si urembo tu. Rangi ni koti la kuzuia maji na hewa. Lakini koti hilo likivaliwa juu ya kutu, halina kazi. Kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hivyo inavimba na kuisukuma rangi kutoka chini. Tena ina vitundu vidogo vidogo vinavyoshika unyevu kama sifongo. Kupaka rangi juu ya kutu ni sawa na kumvisha suti mgonjwa wa malaria. Atapendeza kwenye picha, lakini homa iko pale pale.

Huku kwetu kutu haikosi chakula. Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni ya kutosha mahindi na ya kutosha kutu. Kuna trela za kubeba mahindi, majembe ya trekta, matangi ya maji, mageti na mashine za kusaga. Hata mbolea ambayo mkulima anaipenda ina chumvi zinazoharakisha kutu. Trela ikibeba mbolea bila kuoshwa, baada ya misimu michache sakafu yake inakuwa na matundu kama chujio la chai. Ndiyo maana ukishuka barabara ya Kitale kwenda Webuye, ukipita Kiminini na Kamukuywa, kisha ukaja hadi Bungoma mjini, kila kituo kina kibanda cha jua kali chenye mtu anayekwangua chuma.

KAZI IKO KWENYE USAFI, SI KWENYE RANGI

Watu wengi wakiona geti limepakwa rangi likabambuka mwaka uo huo, wanailaumu rangi. "Hii rangi ni feki!" Pengine ni feki kweli. Lakini mara nyingi kosa liko chini ya rangi.

Wacha niwape mfano wa mbali. Huko Uskoti kuna daraja la reli liitwalo Forth, lililokamilika mwaka 1890. Ni la chuma na ni kubwa mno. Kwa miaka mingi watu walitania kwamba kulipaka rangi ni kazi isiyokwisha: mafundi wakifika mwisho, inabidi waanze tena mwanzo. Kuanzia 2002 hadi 2011, rangi zote za zamani ziliondolewa kwa kupulizwa mpaka chuma kikabaki tupu, ndipo likapakwa tabaka tatu za rangi mpya. Wahandisi walitarajia rangi hiyo ikae miaka 25 au zaidi. Je, rangi ilikuwa bora? Naam, ilikuwa bora. Lakini rangi bora isingeshika kama chini yake pangebaki uchafu wa miaka mia moja.

Dunia nzima ina kipimo cha usafi wa chuma kabla ya kupakwa rangi. Kinaitwa ISO 8501-1. Kazi ya mkono na ya grinda hupewa alama St 2 au St 3. Kazi ya kupuliza hupewa Sa 1, Sa 2, Sa 2½ na Sa 3. Sa 1 ni kuondoa yaliyolegea tu. Sa 3 ni chuma kinachong'aa chote bila doa. Kazi nyingi kubwa, kama madaraja na matangi, hutaka Sa 2½, yaani vibaki vivuli hafifu tu vya madoa. Fundi akikwambia "nimesafisha", muulize amesafisha mpaka alama gani. Atashangaa mwanafunzi ameyatoa wapi haya.

NJIA ZA MKONO

Njia hizi tunazijua sote. Kuna msasa, brashi ya waya, tupa, patasi ya kukwangulia, na grinda ya umeme. Ubora wake ni kwamba ni rahisi na hazihitaji mtambo. Kwa geti la nyumbani au baiskeli zinatosha kabisa.

Udhaifu wake ni mmoja. Kutu huchimba vishimo vidogo ndani ya chuma, na brashi haifiki chini ya vishimo hivyo. Mbaya zaidi, brashi ya waya ikizungushwa kwa kasi inaweza kuisugua kutu ngumu mpaka ing'ae. Macho yanadanganyika, unadhani ni chuma, kumbe ni kutu iliyopigwa kiwi kama kiatu cha askari.

Halafu kuna muda. Mjomba wangu ana kibanda Kitale, anatengeneza trela na matangi. Vijana wawili wakishika brashi na grinda, trela moja inaweza kuwala siku tatu au nne. Mtu mwenye mtambo wa kupuliza anaimaliza kwa siku moja na bado anapata nafasi ya kunywa chai. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia.

NJIA YA KUPULIZA

Njia hii si ya jana. Mwaka 1870 Mmarekani aitwaye Benjamin Chew Tilghman alipata hataza ya kukata na kusafisha vitu vigumu kwa mchanga unaorushwa na upepo au mvuke. Ukifikiri, ni kazi ambayo upepo wa jangwani umekuwa ukiifanya tangu zamani, ukirusha mchanga kwenye mawe hadi yakalainika. Tilghman aliuharakisha tu upepo.

Mtambo wenyewe una sehemu nne. Ya kwanza ni kompresa, inayoshindilia hewa. Ya pili ni tangi lililofungwa, lenye mchanga au chembe nyingine ngumu. Ya tatu ni mpira mnene. Ya nne ni mdomo wa chuma kigumu ulio mwisho wa mpira. Hewa ikitoka kwenye kompresa inakutana na chembe chini ya tangi, inazibeba, na kuzitema mdomoni kwa kasi kubwa mno. Kila chembe ni nyundo ndogo. Nyundo moja haifanyi kitu. Nyundo milioni zikipiga mahali pamoja, kutu na rangi hazina pa kukimbilia, hata zile zilizojificha kwenye vishimo.

Faida ya pili ni kwamba chuma hakibaki laini kama kioo. Kinabaki na mikwaruzo midogo isiyoonekana vizuri kwa macho, yenye kina cha kama sehemu 40 hadi 75 za elfu za milimita. Rangi hushika humo kama mizizi ya nyasi kwenye udongo.

Sasa tazama hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Mdomo wenye tundu la robo inchi, kwa msukumo wa paundi 100 kwa kila inchi mraba, unameza takriban futi 80 za ujazo za hewa kwa kila dakika. Kompresa ndogo ya fundi wa pancha inatoa kama futi kumi hivi. Ukiifunga kwenye mpira wa kupulizia, itakohoa mara mbili na kunyamaza. Isitoshe, mdomo huo huliwa na mchanga. Tundu la milimita 6 likipanuka kuwa milimita 9, eneo lake halizidi kwa nusu, linazidi mara mbili na robo, kwa sababu eneo hufuata mraba wa kipenyo. Hewa inayohitajika inapanda vivyo hivyo, na dizeli nayo. Mnaosema hesabu haina kazi mtaani, mmeona wenyewe.

Fundi mwenye ujuzi huchunga mambo mengine pia. Hushika mdomo ukiwa umelala kidogo, si wima kabisa, ili chembe zikwangue badala ya kudunda na kurudi usoni. Huweka kichujio cha kutoa maji na mafuta kwenye hewa, kwa maana hewa iliyoshindiliwa hutoa maji, na maji juu ya chuma tupu ni kutu mpya. Hapaki rangi chuma kikiwa na umande. Na akimaliza kupuliza hangoji kesho. Hupaka rangi ya kwanza saa chache baadaye, kwani chuma kilichovuliwa nguo kinashika kutu upesi kuliko unavyodhani, hasa wakati wa mvua.

Aidha, mtambo wenyewe unaweza kudhuru. Mdomo ukielekezwa kwa mtu, unachana ngozi. Mpira ukichomoka, unapiga kama nyoka aliyekasirika. Mtambo mzuri una kishikio ambacho ukikiachilia tu, upepo unakatika. Na tangi lililochomelewa kienyeji kutokana na mtungi wa zamani, halafu likajazwa hewa ya paundi 100, hilo si tangi. Hilo ni bomu linalongoja siku yake.

VUMBI LISILOONEKANA

Hayo yote bado si kitu nilichokuja kukisema. Kitu chenyewe ni vumbi.

Mchanga wa mtoni, huu tunaojengea nyumba, kwa sehemu kubwa ni madini yaitwayo kwatzi, ambayo ni silika. Ukiwa umelala mtoni hauna neno. Watoto wanauchezea na hakuna anayeumwa. Lakini ukiurusha kwenye chuma kwa nguvu, kila chembe inapasuka vipande vipande. Baadhi ya vipande hivyo ni vidogo chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Unywele wa mtu ni mnene mara saba hivi kuliko huo. Vumbi kubwa unaliona, unapiga chafya, linatoka. Hili dogo hulioni, na huelea hewani hata baada ya wingu kutulia na watu kuketi kula githeri.

Ukilivuta, linapita pua, linapita koo, linafika mwisho wa mapafu, kwenye vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia damuni. Mwili unajaribu kulila, unashindwa. Unalizungushia kovu. Kovu juu ya kovu, mapafu yanakuwa magumu, na pumzi inapungua. Ugonjwa huu unaitwa silikosisi. Hauna tiba ya kuyarudisha mapafu yalivyokuwa. Hata ukiacha kazi, makovu yanaweza kuendelea kukua. Tena mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, na tangu mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka silika ya namna hiyo katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Kwa kawaida ugonjwa huja baada ya miaka kumi au zaidi. Lakini vumbi likiwa jingi sana, kama la kupuliza mchanga, unaweza kuja kwa miaka michache, na mara nyingine kwa miezi. Huko Uturuki vijana walikuwa wakipuliza mchanga kwenye suruali za jinzi ili zionekane zimechakaa kwa ajili ya fasheni. Wengi wao walipata silikosisi wakiwa bado vijana, na baadhi yao walikufa. Mwaka 2009 serikali ya huko ilipiga marufuku njia hiyo ya kuchakaza jinzi. Uingereza ilikuwa imekataza mchanga wenye silika katika kazi ya kupuliza vyuma viwandani kwa kanuni za mwaka 1949. Hebu fikiri: kanuni hizo zilitungwa miaka 14 kabla ya Kenya kupata uhuru. Kwa hivyo haya si mambo mapya yanayongoja kuchunguzwa.

"Lakini mimi hujifunga leso mdomoni." Hilo ndilo jibu utakalolisikia. Leso, fulana, na hata barakoa za kitambaa tulizozivaa wakati wa korona, kwa vumbi hili ni kama kuzuia mbu kwa wavu wa samaki. Anayepuliza anatakiwa kuvaa kofia iliyofunika kichwa chote, inayoletewa hewa safi kwa mpira wake wa pekee. Na hewa hiyo isitoke ovyo kwenye kompresa yenye mafuta na moshi, bali ipite kwenye vichujio vyake. Wanaosimama karibu nao wanahitaji kinga, maana vumbi halichagui nani analipwa na nani anatazama tu.

JAMBO LILILOTOKEA KWETU

Mtauliza, binti wa Kidato cha Tatu ameyapatia wapi mambo haya, na yanamhusu nini? Nitasema.

Kaka yangu alimaliza Kidato cha Nne. Karo ya chuo ilikuwa bado haijapatikana, basi akawa anamsaidia mjomba Kitale kwa shilingi 400 kwa siku. Akatokea bwana mmoja mwenye kompresa kubwa, simtaji jina wala mahali, akamwambia atampa 800 akashike mpira wa kupulizia. Mama anauza mboga sokoni hapa Bungoma. Mia nane kwa siku kwetu ni pesa. Tulikwisha kuhesabu: miezi minane, karo imepatikana.

Kijana aliyekuwa akishika mpira huo kabla yake alikuwa ameacha kazi. Tuliambiwa ana homa ya mapafu, ati ni baridi ya Kitale. Mimi sijui alikuwa na nini hasa, si daktari. Lakini mjomba aliniambia, "Mpwa wangu, huyo kijana nilimwona akipanda ngazi za benki. Alipumzika mara tatu kama mzee." Neno hilo lilinikaa kichwani. Nikaenda kwa mwalimu wangu wa kemia, naye akanifungulia habari za silika. Kila nilichosoma nilimwandikia kaka.

Kaka alienda kwa yule bwana na maswali matatu. Mnapuliza kwa kitu gani? Akajibiwa, mchanga wa mto. Kofia ya hewa iko? Akajibiwa, njoo na leso yako. Nikiugua kifua nani analipa hospitali? Hapo akaambiwa kwamba vijana wanaotaka kazi ni wengi.

Alirudi kwa mjomba, kwa 400 ile ile na brashi ya waya. Mama hakufurahi. Kwa wiki nzima chakula kililiwa kimya kimya. Karo haijatimia hata leo ninapoandika, na sitaki kuwadanganya kwamba mambo yalinyooka. Lakini Jumapili iliyopita kaka alinikimbiza kutoka barabarani mpaka mlangoni kwetu, akanipita, na hakuhema.

BADALA YA MCHANGA

Wengine watasema, basi tuache kupuliza kabisa? La. Kinachofaa kuachwa ni mchanga wenye silika, si upepo. Ziko chembe nyingine.

(a) Ganeti. Ni madini magumu yenye silika huru kidogo sana. Yanasafisha kutu vizuri na yanaweza kuchujwa na kutumiwa tena mara kadhaa.

(b) Chembe za chuma. Hizi ni ghali mwanzoni, lakini zikitumika ndani ya chumba kilichofungwa huokotwa na kurudishwa tangini mara nyingi sana. Mwisho wake huwa nafuu.

(c) Magunzi ya mahindi. Usicheke! Gunzi likikaushwa na kusagwa hutoa chembe ngumu kiasi. Viwanda vya nje hulinunua kwa ajili ya kuondoa rangi, grisi na masizi bila kukwaruza chuma. Kutu nzito haliiwezi. Lakini kwa injini, kwa alumini na kwa mbao linafaa. Kitale ni mji wa mahindi, makao ya Kenya Seed tangu 1956, na magunzi yetu mengi huishia jikoni. Aliye na akili ya biashara amesikia. Akumbuke tu kwamba vumbi la magunzi nalo linadhuru kifua na linaweza kushika moto.

(d) Magadi ya kuokea. Haya ni laini zaidi. Miaka ya 1980, Sanamu ya Uhuru ya New York ilipokuwa ikikarabatiwa kwa sherehe ya miaka 100 ya mwaka 1986, ndani yake palipulizwa magadi ya kuokea ili kutoa lami bila kuidhuru shaba.

(e) Kupuliza na maji. Maji yakichanganywa na chembe, vumbi hupungua sana, ingawa haliishi. Inabidi chuma kikaushwe na kupakwa rangi haraka.

Kumbuka hata hivyo kwamba hakuna chembe inayolifanya vumbi la rangi kuukuu kuwa salama. Rangi nyingi za zamani zina risasi, ambayo huharibu ubongo wa watoto. Kwa hivyo kofia ya hewa na turubai la kuzingira kazi ni lazima hata ukitumia ganeti. Na usikwangue rangi ya zamani mahali watoto wanapochezea.

Kwa vitu vidogo, kama jembe, panga au bolti, upepo hauhitajiki hata kidogo. Chukua karai la plastiki, tia maji na kijiko kimoja au viwili vya yale magadi ya kupikia mboga. Funga kitu chenye kutu kwenye waya wa hasi wa betri ya gari, na kipande kingine cha chuma cha kawaida kwenye waya wa chanya, visigusane. Baada ya saa kadhaa kutu inalegea, unaisugua kwa brashi ikiwa imelowa. Fanyia nje, mbali na moto, kwa kuwa gesi ya haidrojeni inayotoka hulipuka. Chuma cha chanya kisiwe kile kisichoshika kutu, kwa sababu hutoa sumu ya kromiamu. Mjomba na mimi tulilifufua jembe la nyanya hivyo, na vumbi lilikuwa sufuri.

MASWALI YA KUUCHUKUA MTAANI

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inamtaka mwenye mahali pa kazi awakinge wafanyakazi na vumbi lenye madhara, na awape vifaa vya kujikinga. Sheria haikusema kwamba jua kali imesamehewa. Aidha, tangu 1995 Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani yameweka mpango wa kuimaliza silikosisi duniani ifikapo 2030. Lakini sheria iliyo kabatini haivai kofia. Kuuliza ni juu yetu.

Basi mwenzangu, ukiitwa siku moja kushika mpira wa upepo, uliza haya kabla ya kuuliza mshahara:

1. Chembe mnazopuliza ni za kitu gani? Zikiwa mchanga wa mto au wa kujengea, sema ahsante na uende zako.
2. Kofia yenye hewa yake iko wapi? Niione, nisiambiwe tu.
3. Kishikio kikiachiliwa, upepo unakatika?
4. Tangi limepimwa na nani?
5. Nani amesimama upande unaoelekea upepo?

Na wewe ambaye hutashika mpira, ila baba yako ana trela au geti la kusafishwa, ukumbuke kwamba bei ya chini kabisa inaweza kuwa inalipwa na kifua cha mtoto wa mtu. Mwambie fundi atumie brashi, au ganeti, na umwongezee kidogo. Chuma kikiliwa na kutu, duka la vyuma liko pale mjini. Mapafu hayauzwi Kitale wala Bungoma.

Naweka kalamu chini.